KONSTEBO WA BUSERESERE NA ZIGO LA WAKUBWA

Vijana wa mjini wana neno moja tu kwa polisi: njagu. Likishatamkwa kijiweni, mjadala umefungwa. Njagu ni mla rushwa, njagu ni mbambikiaji wa kesi, njagu ni mtu wa kukimbiwa anapokuja na wa kuzomewa karandinga likishapita. Sitabishana na wanaosema hivyo, maana wengi wao wana makovu ya kuonyesha. Nauliza kitu kingine. Hasira yote hii tunayommwagia konstebo wa doria, inamfikia nani huko juu? Wapo watu wanaofurahi mno wakituona tunarushiana mawe na konstebo. Tukimaliza nguvu zetu kwake, wao wanalala usingizi mnono.

Nimeichagua Buseresere kuwa mfano, na nina sababu zangu.

Kwa asiyeijua, ukitoka Geita mjini kwa barabara ya kwenda Chato na Bukoba utaingia Katoro, na kabla hujajua Katoro imeishia wapi, tayari uko Buseresere. Ni miji miwili iliyoshikana kama mapacha, lakini serikali imeigawa: Katoro iko wilaya ya Geita, Buseresere iko wilaya ya Chato. Kabla Mkoa wa Geita haujaanzishwa mwaka 2012 mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi. Katoro ilikuwa Mkoa wa Mwanza, Buseresere Mkoa wa Kagera. Mwizi akivuka mtaa alikuwa amevuka mkoa, na askari anayemfukuza alikuwa ameingia kwenye himaya ya kamanda mwingine mwenye ofisi yake Bukoba, kule upande wa pili wa ziwa. Leo miji yote miwili iko chini ya kamanda mmoja wa mkoa, lakini wilaya bado ni mbili na wakuu wa polisi wa wilaya bado ni wawili.

Mji wenyewe ni wa dhahabu. Pembeni yake kuna maduara ya wachimbaji wadogo, kuna karasha zinazosaga mawe mchana kutwa, kuna wanunuzi wenye mizani, kuna gesti, baa na mama lishe. Hela ya dhahabu haina tarehe ya mshahara. Duara likitema leo, kijana aliyekuwa akikopa chapati jana anaweza kununua pikipiki mbili kwa mpigo. Lisipotema, kijana huyo huyo anauza godoro. Katika mji wa namna hiyo watu huja kwa makundi kutoka kila mkoa, hawajuani, na wengi hawana mpango wa kukaa. Kulinda mji kama huo si kazi ya mchezo.

ASKARI ANAYEISHI KWA MTUHUMIWA

Sasa tumtazame konstebo wetu. Tuseme ni kijana wa miaka 25, amemaliza mafunzo ya polisi Moshi, amepangiwa huku. Kota za polisi hazitoshi nchi nzima, jambo ambalo serikali yenyewe imelisema bungeni mara nyingi, basi naye anapanga chumba uraiani kama wewe na mimi. Mwenye nyumba wake anaweza kuwa mnunuzi wa dhahabu. Duka analokopa unga linaweza kuwa la mtu anayeficha mali ya wizi. Jirani anayemchotea maji ya kuoga anaweza kuwa mama wa kijana atakayetakiwa kukamatwa kesho. Huyu ndiye tunayemtaka asimame wima kama mlingoti wa bendera, asimwogope mtu na wala asimpendelee mtu. Kwa nguvu gani? Mwenye nyumba wake akimfukuza, atalala wapi?

Halafu kuna vitendea kazi. Nani kati yetu hajasikia mlalamikaji akiambiwa kituoni kwamba gari lipo ila mafuta hakuna, kwa hiyo kama anataka mtuhumiwa wake akamatwe ajaze mafuta mwenyewe? Nani hajasikia mtu aliyepigwa nondo akiombwa hela ya PF3, fomu ambayo haiuzwi? Mwananchi akitoka pale anasema ameibiwa na konstebo, naye hakukosea. Lakini dola inayofungua kituo bila kukipa mafuta wala karatasi imemwambia konstebo neno moja: jitegemee. Na mtu mwenye bunduki akiambiwa ajitegemee, atajitegemea kwako wewe.

Haya si maneno ya wapinzani wenye wivu. Tume ya Jaji Joseph Warioba iliyoundwa na Rais Mkapa ilitoa taarifa yake mwaka 1996, na ilitaja polisi miongoni mwa maeneo yaliyooza kwa rushwa. Lakini tume ile ilikuwa na busara ya kugawa wala rushwa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wanaopokea kwa sababu kipato chao hakiwatoshi kuishi. Fungu la pili ni wakubwa, ambao shida hawana. Hao wanasukumwa na tamaa. Miaka imepita, marais wamebadilishana ofisi, na bado tukisikia mla rushwa wa polisi amekamatwa mbele ya kamera, mara nyingi ni wa fungu la kwanza. Trafiki wa elfu mbili. Konstebo wa elfu kumi. Wa fungu la pili huwa wanahamishiwa makao makuu.

Tena dhahabu ina majaribu yake. Mwezi Januari 2019 mkoani Mwanza ilikamatwa shehena ya dhahabu ya zaidi ya kilo 300 ikitoroshwa, na polisi wanane wakaingizwa katika kesi hiyo wakidaiwa kuisindikiza badala ya kuizuia. Rais Magufuli mwenyewe alisema hadharani kwamba askari hao waliahidiwa shilingi bilioni moja na walishapokea shilingi milioni 700. Nchi nzima ikashika kichwa. Mimi nilijiuliza swali dogo tu. Kabla ya siku ile, dhahabu ya Kanda ya Ziwa ilikuwa ikipita wapi, na nani alikuwa akiifungulia njia? Serikali ilipokuja kufungua masoko ya madini, la kwanza likiwa la Geita Machi 2019, ilikuwa imekiri bila kusema kwamba kwa miaka yote ile mlango ulikuwa wazi. Mlango mpana kiasi hicho haufunguliwi na konstebo.

KIFO NACHO KINAMJUA

Kuna upande ambao kijiweni hatuuzungumzi. Kazi hii inaua.

Februari 11, 2013 Buseresere iliingia katika historia kwa ubaya. Mgogoro wa nani mwenye haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa, Waislamu au Wakristo, ulikuwa umetokota kwa muda Kanda ya Ziwa, wakubwa wakiuangalia kama sufuria ya jirani. Siku hiyo ulilipuka pale. Mchungaji Mathayo Kachila aliuawa na watu wengine wakajeruhiwa. Aliyeitwa kuingia katikati ya majirani wanaokatana mapanga ni nani? Ni yule yule konstebo anayenunua nyama kwa pande zote mbili. Viongozi wakubwa walikuja baadaye na misafara, wakaitisha vikao vya amani, wakaondoka. Konstebo alibaki, na kesho yake alitakiwa kupita sokoni.

Mwaka uliofuata, Septemba 2014, majambazi walivamia usiku kituo cha polisi cha Ushirombo, wilaya ya Bukombe, katika mkoa huu huu wa Geita. Waliua askari wawili na kuondoka na bunduki. Kituo cha wilaya nzima, si kibanda cha njiani. Februari 2015 mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato, na mwili wake ukapatikana porini ukiwa umekatwa viungo. Askari wa cheo cha chini ndio waliotembea misitu ile kumtafuta. Hakuna kamera iliyowafuata wala posho ya kutosha, na hakuna aliyewauliza walilalaje usiku ule.

Sisemi haya ili tuwalilie polisi. Nasema ili tuelewe mzani ulivyo. Hatari anabeba mdogo, sifa anabeba mkubwa. Na mambo yakiharibika, mzani ule ule unageuka: amri anatoa mkubwa, kifungo anakula mdogo.

NANI ALITOA AMRI?

Hebu tuhesabu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu Bulyanhulu, wilaya ya Kahama, ili eneo likabidhiwe mwekezaji. Polisi walikuwa mstari wa mbele. Yakatokea madai mazito kwamba kuna wachimbaji waliofukiwa hai mashimoni. Serikali ikakanusha. Wanasheria wa LEAT, akiwemo Tundu Lissu, walidai uchunguzi huru. Walichokipata mwaka 2002 ni mashtaka ya uchochezi. Askari waliokuwa pale Bulyanhulu hawakuamka asubuhi wakakubaliana wenyewe kwenda kuwafukuza watu. Walipangwa kwenye malori, wakaambiwa nendeni. Nani alisema nendeni?

Mei 16, 2011, Nyamongo mkoani Mara, polisi waliwapiga risasi watu waliovamia mgodi wa North Mara na kuua wasiopungua watano. Polisi hawa walikuwa wakilinda mgodi chini ya makubaliano kati ya jeshi lao na kampuni, ambayo kampuni ilichangia gharama za kuwaweka pale. Maana yake konstebo amevaa sare ya Jamhuri, lakini posho yake ina harufu ya mgodi. Mwananchi akiingia na nondo na kiroba kuokota mawe, konstebo huyo anamtumikia nani?

Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, wilaya ya Mufindi, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi akiwa kazini kwenye shughuli ya chama cha upinzani. Picha zilizochapishwa magazetini zilionyesha askari kadhaa wamemzunguka. Kamanda wa polisi wa mkoa alikuwepo siku ile. Kesi ilipokwisha Julai 2016, aliyehukumiwa ni mmoja tu, askari wa cheo cha chini, miaka 15 jela kwa kosa la kuua bila kukusudia. Alistahili kujibu, hilo silipingi. Mkono wake ndio uliofanya. Lakini mkono una bega, na bega lina kichwa. Mahakama ililetewa mkono tu.

Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, tuliona kilichotokea katika miji yetu. Watu waliuawa kwa risasi, wengi wao vijana wa umri wa wasomaji wa ukurasa huu, na intaneti ikazimwa nchi nzima. Novemba mwaka huo Rais aliteua tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Swali la tume yoyote, iwe hiyo au nyingine, ni lile lile la Bulyanhulu na la Nyololo: nani alitoa amri? Ikiwa jibu ni namba ya konstebo fulani peke yake, basi tutakuwa tumechezewa kiini macho kwa mara nyingine.

MZEE RUKSA ALITUONYESHA NJIA

Wapo watakaosema: haiwezekani mkubwa awajibike kwa kosa la askari aliye maili mia nane. Wanasahau historia ya Usukumani.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliendesha msako wa watuhumiwa wa mauaji yaliyokuwa yameshamiri huko. Watu walikamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa serikali. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumpiga mtu hata kofi. Hakuwa Shinyanga. Lakini askari walikuwa wa wizara yake, na mapema mwaka 1977 alijiuzulu. Waziri mwenzake na wakuu wa mikoa hiyo miwili nao wakaachia ngazi.

Je, alikufa kisiasa? Hata kidogo. Alipelekwa Misri kuwa balozi, Januari 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na Novemba 1985 akawa Rais wa Muungano. Alipofariki Februari 29, 2024 kila msemaji alikumbushia kujiuzulu kule kama nishani. Wakubwa wale wale waliosimama kumsifu, wangapi wako tayari kufuata nyayo hizo?

Na isije ikasemwa kwamba ni mambo ya enzi za Mwalimu tu. Desemba 2013, baada ya Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili kugeuka kuwa mateso na mauaji ya raia, mawaziri wanne waliondoka siku moja, akiwemo wa Mambo ya Ndani. Kwa hiyo inawezekana. Inahitaji Bunge lenye meno na wananchi wasiokubali kutupiwa konstebo kama mfupa.

BUBU MWENYE BUNDUKI

Utauliza, mbona konstebo mwenyewe hasemi? Hawezi. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza kujiunga na chama cha siasa. Anaruhusiwa kupiga kura basi. Hilo ni sawa, hatutaki polisi wa chama. Lakini pia sheria ya ajira ya mwaka 2004 imewaacha nje polisi, wanajeshi, magereza na JKT, hivyo hana chama cha wafanyakazi. Mwalimu ana CWT. Daktari aligoma mwaka 2012 na nchi ikatikisika. Konstebo akilalamika kuhusu posho au nyumba, anaitwa mtovu wa nidhamu. Tumempa bunduki na tumemnyang'anya mdomo. Halafu tunashangaa kwa nini shida zake anazimalizia kwa mwendesha bodaboda.

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, nayo chini ya Jaji huyo huyo Chande, ilikabidhi taarifa yake kwa Rais. Ilisema bila kumung'unya maneno kwamba Jeshi la Polisi lifumuliwe na kuundwa upya, liwe chombo cha huduma kuliko kuwa jeshi. Hayo hayakusemwa na wahuni wa kijiweni. Yalisemwa na jaji mkuu mstaafu pamoja na waliowahi kushika madaraka makubwa serikalini. Taarifa ya namna hiyo haitakiwi kuwekwa kabatini pamoja na ile ya Warioba zikafanye urafiki na mende.

TUDAI NINI?

La kwanza, kila amri ya kutumia silaha dhidi ya raia iandikwe, iwe na saa na jina la aliyeitoa. Mkubwa akijua jina lake limo kwenye karatasi, atafikiri mara mbili kabla ya kusema nendeni. Na konstebo atakuwa na kitu cha kuonyesha mahakamani. La pili, polisi wasichunguzwe na polisi. Nyani haoni kundule, tangu lini akapewa kazi ya kulikagua? La tatu, askari apewe nyumba na kituo kipewe mafuta, ili anayekwenda kulalamika Buseresere asigeuke mfadhili wa serikali. La nne, kiwepo chombo ambacho askari wa chini anaweza kupeleka malalamiko, na kukataa amri haramu, bila kuhamishiwa porini.

Wapo watakaosema ninawasafisha njagu. Hapana. Anayembambikia kijana bangi ili apate elfu ishirini ni mhalifu, sare isimfiche. Anayempiga mtuhumiwa selo ashtakiwe kwa jina lake. Ninachokataa ni ule mchezo wa kumfunga huyo mmoja ili wengine kumi juu yake waendelee kupandishwa vyeo.

Na wewe kijana una kazi yako. Ujue kwamba sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kwamba dhamana ya polisi haiuzwi. Ukiiuliza kwa adabu, mbele ya mashahidi, huku unajua jina la mkuu wa kituo, utashangaa jinsi sauti inavyoshuka. Ukitoa kitu kidogo ili mambo yaishe, umemlipia konstebo mshahara ambao serikali ilitakiwa kumlipa, na umewapunguzia wakubwa aibu.

Kwa konstebo wa Buseresere, kama gazeti hili limekufikia likiwa limefungia maandazi, nina neno moja. Siku lori litakapowashwa na ukaambiwa panda, uliza amri hiyo ni ya nani na iko wapi kwa maandishi. Wewe una uraia kabla ya kuwa na sare. Aliyekutuma hatakuwepo kizimbani siku jaji atakapoita jina lako, na vijana utakaokuwa umewapiga ndio utakaokaa nao mtaa mmoja ukishastaafu.